Shajara ya mradi: wilaya, kura za mchujo na hesabu ya viti bungeni Uganda

Mradi huu unajenga jedwali moja la chaguzi za Uganda kuanzia 1961 hadi 2021, mstari mmoja kwa kila kiti cha Bunge. Anayetaka kujua mfumo wa uchaguzi umevifanyia nini vyama, na vyama vimelifanyia nini Bunge, apate pa kuanzia bila kupekua upya makaratasi yale yale. Maingizo ni ya kazi tu: kilichofanyika, kilichokwama na kwa nini, na namba zilizotoka.

Februari, mwanzo: swali

Mafunzo ya mifumo ya uchaguzi karibu yote huanza na Maurice Duverger, ambaye mwaka 1951 alidai kwamba penye jimbo la mbunge mmoja, ambapo anayeongoza kwa kura hata kwa kura moja ndiye mshindi, vyama huelekea kubaki viwili. Uganda hutumia utaratibu huo kwenye viti vya majimbo. Bunge lililochaguliwa Januari 2021 lilipata vyama saba: NRM, chama tawala, viti 336, NUP 57, FDC 32, DP 9, UPC 9, JEEMA 1 na PPP 1. Juu yao kuna wagombea binafsi 74 na wawakilishi 10 wa jeshi la UPDF. Jumla 529.

Hapo hakuna vyama viwili. Kuna chama kimoja kikubwa, vingine vidogo, na kundi la watu wasio na chama ambalo kwa wingi ni la pili bungeni. Dhana ya kazi kwa hiyo ni hii: kanuni ya kuhesabu kura inaeleza sehemu ndogo tu ya sura ya Bunge la Uganda. Sehemu kubwa inaelezwa na mambo mawili yanayotokea kabla ya siku ya kura, yaani uchoraji wa wilaya na kaunti, na kura za mchujo ndani ya chama tawala. Jedwali limepangwa ili dhana hiyo iweze kupingwa kwa namba.

Februari, mwisho: chaguzi za zamani

1961, 1962 na 1980 zimeingizwa. Zilionekana kazi ndogo, lakini kila moja ilidai safu yake ya pekee.

Mwaka 1961 DP ya Benedicto Kiwanuka ilipata viti vingi kuliko UPC ya Milton Obote, ingawa UPC ilikuwa na kura nyingi zaidi nchi nzima. Sababu ni mgomo wa Buganda: Mengo, yaani serikali ya ufalme wa Buganda, ilikataza watu kujiandikisha, wachache mno wakapiga kura, na DP ikazoa viti vya Buganda kwa kura kiduchu. Mwanafunzi akikokotoa pengo la kura na viti bila safu ya waliojiandikisha, atailaumu kanuni ya uchaguzi kwa jambo lililotokana na mgomo. Ndiyo maana kila kiti sasa kina safu tatu: waliojiandikisha, waliopiga, kura halali.

Aprili 1962 viti 21 vya Buganda havikupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Lukiiko, baraza la ufalme wa Buganda, ndiyo iliyowateua wabunge, na kwa kuwa Kabaka Yekka, chama kilichomuunga mkono Kabaka (mfalme wa Buganda), kilikuwa kimelikamata Lukiiko, viti vyote 21 vikaenda kwake, kisha vikaingia kwenye muungano na UPC. Viti hivyo vimewekewa alama ya «njia ya kuchaguliwa: isiyo ya moja kwa moja». Alama hiyo itatumika tena mbele kwa vijana, wafanyakazi, wazee na watu wenye ulemavu.

Desemba 1980: majimbo 126, na katika 17 mgombea wa UPC alipita bila kupingwa. Kiti kisicho na mpinzani hakina kura. Ukikiacha wazi, programu hukisoma kama sifuri na asilimia ya kura za chama hushuka kimakosa. Ukikitupa, viti vya chama hupungua. Dawa ni kukibakiza, kuandika «bila kupingwa», na kukitoa tu pale kinapotafutwa uwiano wa kura na viti. Uchaguzi ule pia ulitumia sanduku tofauti kwa kila mgombea badala ya sanduku moja, jambo lililopigiwa kelele na DP tangu mwanzo. Hakuna safu ya hilo. Limeandikwa pembeni kama maelezo, kwa kuwa linahusu siri ya kura na halibadilishi hesabu.

Machi: kipindi cha bila vyama

1996 na 2001 zilifanyika chini ya Movement, ambapo mgombea alisimama kwa sifa zake binafsi na vyama vilizuiwa kusimamisha watu. Kura ya maoni ya Juni 2000 iliuidhinisha mfumo huo kwa zaidi ya asilimia 90; ile ya Julai 2005 ikaufuta, nayo kwa zaidi ya asilimia 90. (Mpigakura yule yule, ndani ya miaka mitano, anakubaliana kwa kishindo na pande zote mbili za swali. Anayesoma kura za maoni kama kipimo cha imani za watu na alitafakari hilo kwanza.)

Mabunge hayo mawili hayakufutwa jedwalini. Safu ya chama imeandikwa «Movement», si «binafsi». Tofauti hiyo ina uzito: mbunge binafsi wa 2021 alikuwa na chaguo la chama akashindwa kulipata au akalikataa, na wa 1996 hakuwa na chaguo hilo. Ukiwachanganya, utachora mchoro unaoonyesha wabunge binafsi wakiporomoka mwaka 2006, mchoro mzuri usio na ukweli wowote.

Machi, wiki za kati: kusafisha majina

Hapa ndipo muda ulipokwenda. Tume ya Uchaguzi imetoa matokeo ya vituo kwa mafaili ya PDF, na kuyahamishia kwenye lahajedwali kuna mitego inayojulikana kwa kila aliyejaribu.

Wa kwanza ni tahajia. Kampala pekee ina Lubaga na Rubaga, na zote mbili ni sahihi kwa wanaoziandika. Kuna Luweero na Luwero, Ssembabule na Sembabule. Kompyuta huzihesabu kuwa sehemu mbili. Usioanishe kwa jina hata siku moja. Tengeneza namba ya utambulisho ya kila jimbo, iandike mara moja, na majina yote yanayotumika yawekwe kwenye karatasi ya pili yenye safu mbili: jina lilivyoandikwa, namba ya jimbo.

Wa pili ni sifuri za mbele. Namba ya wilaya 007 ikifunguliwa kwenye Excel hugeuka 7, na kuunganisha mafaili hushindikana bila onyo. Safu zote za namba za utambulisho zifanywe maandishi kabla ya kubandika chochote. Kufanya hivyo baadaye hakurudishi sifuri iliyokwisha kupotea.

Wa tatu ni majina yanayojirudia. «Central Ward» iko kwenye miji mingi. Kituo chenye watu wengi hugawanywa kwa herufi za majina, A hadi M upande huu na N hadi Z upande ule, hivyo jina la shule moja hutokea mara mbili au tatu. Kitambulisho cha kituo lazima kibebe ngazi zote: wilaya, kaunti, kaunti ndogo, parishi, kituo.

Wa nne ni majimbo yanayozaa. Nakawa ilikuwa jimbo moja, ikawa Mashariki na Magharibi kuelekea 2021. Bukoto ya zamani imekuwa Bukoto Central na East upande wa Masaka, na Mid-West, South na West upande wa Lwengo. Anayelinganisha «Bukoto» ya mwaka huu na ya mwaka ule analinganisha watu tofauti. Tumeweka safu ya «jimbo mama» na mwaka wa kugawanywa. Kulinganisha kwa miaka kunafanyika kwenye ngazi ya jimbo mama, hata kama hilo linalazimu kujumlisha majimbo matatu.

Machi, mwisho: viti vya wanawake na mtambo wa wilaya

Ibara ya 78 ya Katiba ya 1995 inasema kila wilaya itoe mwakilishi mmoja mwanamke. Sentensi fupi, matokeo marefu. Ona viti vilivyojazwa kwenye chaguzi, cha kwanza majimbo, cha pili wanawake wa wilaya:

1996: 214 na 39.
2001: 214 na 56.
2011: 238 na 112.
2016: 290 na 112.
2021: 353 na 146.

Hizo 146 za 2021 ni wilaya 135, Kampala, na majiji mapya 10 yaliyohesabiwa sawa na wilaya. Ndani ya robo karne viti vya wanawake vimeongezeka karibu mara nne, na kila ongezeko limekuja kwa tendo la kiutawala la kuunda wilaya, ambalo halijadiliwi kama mageuzi ya uchaguzi. Wanaoomba wilaya huzungumzia barabara, hospitali na ajira za makao makuu. Hakuna anayesema anaomba kiti cha Bunge, ila kiti huja.

Majirani wanasaidia kuona jambo hili. Kenya ina mwakilishi mwanamke wa kaunti, wazo lile lile, lakini Katiba ya 2010 imetaja kaunti 47 kwa majina, kwa hiyo viti ni 47 na vitabaki 47 mpaka Katiba ibadilishwe. Tanzania huvigawia vyama viti maalumu kulingana na kura zao za ubunge, hivyo mwanamke wa viti maalumu anawajibika kwa chama zaidi kuliko eneo. Rwanda huchagua wanawake 24 kwa njia isiyo ya moja kwa moja, nje ya viti 53 vya orodha za vyama. Nchi nne jirani zimelijibu swali moja kwa njia nne. Njia ya Uganda pekee ndiyo ambayo idadi yake ya viti hutegemea ramani inayoweza kubadilishwa kwa azimio la Bunge lenyewe.

Jambo la kukumbuka kwa wanaoingiza data: hadi 2001 wanawake wa wilaya walichaguliwa na chuo cha wapigakura cha viongozi wa mabaraza; tangu 2006 wanapigiwa kura na wananchi wote. Safu ya njia ya kuchaguliwa lazima ibadilike hapo, la sivyo kura za mwanamke wa 2001 zitaonekana kama jimbo lililosusia uchaguzi.

Ramani ya wilaya inagusa hata visivyo viti. Mgombea urais anahitaji saini za wapigakura 100 kutoka kila wilaya, katika angalau theluthi mbili za wilaya zote. Kwa wilaya 39 za 1996, theluthi mbili ni 26, yaani saini 2,600. Kwa 146 ni 98, yaani saini 9,800. Chama kipya kinachojisajili chini ya sheria ya vyama ya 2005 kinadaiwa wanachama 50 kutoka kila wilaya katika theluthi mbili hiyo hiyo: 4,900 kwa ramani ya 2021. Hakuna aliyepandisha kizingiti. Kimejipandisha chenyewe. Ada ndiyo iliyopandishwa waziwazi, mwaka 2015: shilingi milioni 20 kwa urais, milioni 3 kwa ubunge.

Aprili: uzito wa kura moja

Ibara ya 63 ndiyo ya kusoma polepole. Inataka wakazi wa kila jimbo wakaribiane na kipimo cha wastani, ambacho ni idadi ya watu wote ikigawanywa kwa idadi ya majimbo. Papo hapo inataka kila kaunti iliyoidhinishwa na Bunge iwe na angalau mbunge mmoja. Masharti hayo mawili yanavutana, na la pili hushinda kila mara kwa sababu kaunti ikishaundwa haiwezi kunyimwa kiti.

Hesabu: sensa ya 2014 ilipata watu 34,634,650. Gawanya kwa 353, unapata 98,115. Hicho ndicho kipimo cha jimbo la 2021. Manispaa ya Kira, Wakiso, ilikuwa na watu zaidi ya 317,000 kwenye sensa hiyo na ina mbunge mmoja wa jimbo. Gawanya 98,115 kwa 317,000: kura ya Kira ina uzito wa takribani 0.31 ya kura ya jimbo la wastani. Nansana jirani ni kubwa zaidi. Upande wa pili wa mizani kuna Kaunti ya Ik, kule Kaabong, iliyowapa Waik, mojawapo ya jamii ndogo kabisa nchini, mbunge wao tangu 2016.

Hapo ndipo hukumu za haraka huharibu utafiti. Kipimo cha kutolingana kwa majimbo kinachotumika sana, cha David Samuels na Richard Snyder (2001), huchukua tofauti kati ya sehemu ya viti na sehemu ya watu kwa kila jimbo, huondoa alama ya kutoa, hujumlisha zote, kisha hugawanya kwa mbili. Jibu ni sehemu ya viti iliyoko mahali «pasipostahili». Lakini fomula haijui sababu. Kwake Kaunti ya Ik na kaunti iliyochongwa ili kumpa mtu jimbo ni dhambi moja. Kwa hiyo kila jimbo lililo chini ya nusu ya kipimo limepewa safu ya maelezo: jamii ndogo, kisiwa, milima, mgawanyo wa kaunti, au mengine. Ibara ya 63 yenyewe inaruhusu tofauti kwa sababu ya mawasiliano, sura ya nchi, msongamano wa watu, ukubwa wa eneo na mipaka ya wilaya. Visiwa vya Kalangala si Kira, na hakuna anayedai viwe.

Tahadhari ya hesabu: usitumie waliojiandikisha badala ya wakazi. Katiba inasema wakazi. Maeneo yenye watoto wengi yana wapigakura wachache kwa kila wakazi elfu, na ukitumia daftari la wapigakura utayaona yamependelewa kuliko yalivyo.

Aprili, mwisho: kuhesabu vyama, na kitendawili cha 74

Idadi ya vyama vyenye uzito huhesabiwa kwa njia ya Markku Laakso na Rein Taagepera (1979): chukua sehemu ya viti ya kila chama, ipige kwa yenyewe, jumlisha, kisha gawa moja kwa jumla hiyo. Viti 10 vya UPDF tumeviondoa, maana hatukuona mantiki ya kuliita jeshi chama. Zinabaki 519.

Wagombea binafsi 74 ndio wanaoleta mgogoro. Zipo njia tatu, na kila moja inatoa Uganda tofauti.

Ukiwachukua wote kama chama kimoja: jumla ya vipeo ni 122,809 juu ya 269,361, yaani 0.456, jibu ni vyama 2.19. Ukimhesabu kila mmoja kama chama chake: 117,407 juu ya 269,361, yaani 0.436, jibu 2.29. Ukiwaacha kabisa na kubakiza viti 445 vya vyama: 117,333 juu ya 198,025, yaani 0.593, jibu 1.69.

Mtafiti anayetaka kuonyesha Uganda ina ushindani atachagua 2.29. Anayetaka kuonyesha chama kimoja kimetanda atachagua 1.69. Wote wawili watakuwa wamepiga hesabu sahihi. Jedwali linatoa namba zote tatu pamoja, na anayeichukua moja peke yake aseme ni ipi. Kwa maoni yetu namba ya 1.69 ndiyo iliyo karibu zaidi na siasa yenyewe, kwa sababu itakayoonekana kwenye ingizo linalofuata: sehemu kubwa ya hao 74 ni watoto wa nyumba moja waliotoka kwa hasira.

Kuna mtego mdogo wa namba pia. Kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote: kwa 529, ni 353. Hiyo ni namba ile ile ya majimbo, sadfa tupu, na tayari imeingia mahali pasipo pake kwenye rasimu moja ya maelezo. NRM yenye 336 za mwaka 2021 ilipungukiwa na 17. Kwa hiyo wabunge binafsi na jeshi hawana uzito sana kwenye kura ya kawaida ya sheria, lakini kwenye kura ya Katiba ndio wanaoamua kama mlango unafunguka.

Mei: kura za mchujo

NRM ilifanya mchujo wake tarehe 4 Septemba 2020 kwa wapigakura kupanga mstari nyuma ya mgombea au picha yake. Faida ni bei: hakuna karatasi za kura, hakuna masanduku. Hasara ni kwamba mstari ukitawanyika ushahidi umetawanyika nao. Hakuna cha kuhesabu upya. Kinachobaki ni karatasi yenye namba iliyoandikwa na msimamizi, na karatasi ya pili yenye namba nyingine iliyoandikwa na wakala. Juu ya hayo, mstari hauna daftari: asiye mwanachama anaweza kusimama humo, na aliyehesabiwa mbele anaweza kuzunguka akahesabiwa nyuma. Malalamiko yanayofuata hayana njia ya kuamuliwa kwa uhakika, hata na kamati yenye nia njema.

Uteuzi rasmi wa wagombea ubunge ulikuwa tarehe 15 na 16 Oktoba 2020. Aliyeshindwa, au anayeamini ameporwa, alikuwa na wiki sita hivi. Ibara ya 72(4) inamruhusu mtu yeyote kusimama bila chama. Ada ni ile ile. Jina lake tayari linajulikana kijijini, mabango yameshachapishwa, fedha zimeshatumika. Kwa nini arudi nyumbani?

Hivyo ndivyo viti 74 vinavyopatikana. Lawama hazimwangukii Duverger wala kanuni ya mwenye kura nyingi. Hiki ni chama kikubwa kisicho na njia ya kuaminika ya kuchagua mgombea wake, ndani ya sheria inayomruhusu mshindwa ajaribu tena kwa wapigakura wote. Pale ambapo sheria hufunga mlango huo, kama Tanzania ilivyokuwa ikilazimisha kila mgombea apitie chama, ugomvi ule ule huishia ndani ya chama au huhamia chama kingine.

Ibara ya 83 ndiyo inayowagandisha walipo. Mbunge anayehama chama kilichomsimamisha hupoteza kiti; aliyechaguliwa binafsi akijiunga na chama hupoteza kiti vilevile. Matokeo yake mbunge binafsi anaweza kupiga kura na serikali miaka mitano mizima na bado jedwali likamwita binafsi. Usimsahihishe kwa makisio. Tumeongeza safu ya «alishiriki mchujo wa chama gani», inayojazwa tu pale palipo na taarifa ya wazi ya mchujo huo.

Je, chama kikimfukuza mbunge? Swali lilijibiwa kwa wabunge wanne wa NRM waliofukuzwa 2013, akiwemo Theodore Ssekikubo. Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2014 kwamba wamepoteza viti. Mahakama ya Juu ikabatilisha Oktoba 2015: kufukuzwa si kuhama. Kwa kazi hii hukumu hiyo ina maana ya moja kwa moja. Uongozi wa chama hauna fimbo ya kumnyang'anya mbunge kiti katikati ya muhula. Fimbo yake ni mchujo ujao, na hiyo ni sababu nyingine mchujo kugombewa kwa nguvu kuliko uchaguzi wenyewe katika wilaya ambako chama hicho hakina mpinzani.

Mei, mwisho: kura zipi?

Kosa linalojirudia katika tasnifu za wanafunzi ni kutumia kura za urais kama kura za chama bungeni. Mwaka 2021 NUP ilipata asilimia 35 ya kura za urais na asilimia 11 ya viti 519. FDC haikufika asilimia 4 za urais ikapata asilimia 6 ya viti. Ukiziingiza kwenye fahirisi ya Michael Gallagher (tofauti ya kura na viti kwa kila chama, ipigwe kwa yenyewe, zijumlishwe, zigawanywe kwa mbili, kisha kipeuo cha pili kitafutwe) utapata namba kubwa ya kutisha, nusu yake ikiwa ni watu waliomchagua Robert Kyagulanyi, mgombea urais wa NUP, juu na mtu wa chama kingine chini. Kura za ubunge lazima zijumlishwe jimbo kwa jimbo. Ni kazi ya mikono. Hakuna njia ya mkato.

Hata kura za urais zina matoleo mawili. Tarehe 16 Januari 2021 yalitangazwa asilimia 58.64 kwa Yoweri Museveni na 34.83 kwa Kyagulanyi; takwimu za mwisho ni 58.38 na 35.08. Nakala zote mbili zinazunguka. Jedwali linatumia ya mwisho, na tarehe ya chanzo iko kwenye safu yake.

Ukaguzi wa kila kituo ni wa hatua tatu. Kura za wagombea zijumlishwe zilingane na kura halali. Halali na zilizoharibika zilingane na zilizopigwa. Zilizopigwa zisizidi waliojiandikisha. Mstari unaoshindwa hatua yoyote unapakwa rangi na kuachwa ulivyo. Hausahihishwi kwa kukisia, kwa kuwa kosa linaweza kuwa la kunakili PDF au la fomu yenyewe, na haya mawili ni mambo tofauti kabisa. Penye picha ya fomu ya DR, yaani ile ya kutangaza matokeo ya kituo, inalinganishwa. Sheria inataka nakala yake ibandikwe kituoni, nyingine wapewe mawakala, nyingine ifungiwe ndani ya sanduku. Wakala aliyeondoka kabla ya kuhesabu hana nakala, na chama chake hakina cha kupeleka mahakamani.

Juni: jaribio la uwiano

Watu huuliza: je, Uganda ingetumia orodha za vyama kama Rwanda, yaani viti vigawanywe kwa uwiano wa kura? Jaribio la haraka linaonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Rwanda ina kizingiti cha asilimia 5: chama kisichofikisha hapo hakipati kiti. UPC ilipata viti 9 mwaka 2021, asilimia 1.7 ya 519, na nguvu yake imejikusanya Lango, eneo la kaskazini. Mfumo wa majimbo unaisitiri kwa sababu kura zake ziko mahali pamoja. Kizingiti cha kitaifa kingeifuta. Wagombea binafsi nao wangekosa pa kusimama, ila kama sheria ingewaruhusu waunde orodha ya mtu mmoja. Mfumo wa uwiano unaosifiwa kwa kulinda vyama vidogo hulinda vile vilivyotapakaa. Vilivyojikusanya hulindwa na jimbo. Kizingiti cha asilimia 1 au orodha za mikoa zingebadilisha jibu, na matoleo yote matatu yamo kwenye karatasi ya mwisho ya faili.

Jaribio hili halitabiri kitu. Kanuni ikibadilika, vyama hubadili wagombea na wapigakura hubadili mahesabu yao.

Juni, mwisho: kipimo kipya

Sensa ya 2024 imeingizwa: watu 45,905,417. Kwa majimbo 353 kipimo kinapanda kutoka 98,115 hadi 130,044. Ibara ya 63 inaitaka Tume ipitie upya mipaka ya majimbo ndani ya miezi 12 baada ya matokeo ya sensa kuchapishwa, kwa hiyo safu ya uzito wa kura inahesabiwa mara mbili, kwa sensa ya zamani na mpya, zikikaa bega kwa bega. Wakiso inashughulikiwa kwanza, kisha Kampala, kisha wilaya za Karamoja, ambako kaunti zilizogawanywa zinahitaji kurudishwa kwenye majimbo mama kabla ya kulinganisha chochote.